Puli ya Kushoto

Mkanda wa tatu tangu mvua zianze,
na huu nao umechomoka leo saa nne asubuhi
kwenye kona ile ile, karibu na jakaranda,
ukajilaza juu ya nyasi kama nyoka aliyechoka kupigwa mawe.
Watoto wa darasa la sita wakacheka dirishani.
Sista Ndaya akatoa kichwa ofisini:
"Numbi, tena?"
Tena, Sista.

Anasema nanunua mikanda ya bandia, ya soko la Kenya,
kuruwa za kuchongwa kwa matairi makuukuu.
Labda. Muuzaji aliniapia kwa mama yake,
na mama yake alikuwa ameketi pale pale akiuza ndagala,
wala hakukanusha.

Nikazima. Nikachomoa waya wa buji.
Nikangoja visu visimame; visu havina haraka ya kusimama.
Nikashusha sahani yao, nikavuta pini nne,
moja imeota kutu, ikadai nyundo
na matusi kidogo ya Kibemba, ambayo masista hawayaelewi.
Chini, nyasi mbichi zilikuwa zimegandamana
kama bukari iliyosahauliwa sufuriani.
Nikakwangua. Si hizo.

Nikaitoa msumarini ile mikanda miwili iliyokufa.
Wa kwanza uling'aa ubavuni kama kiatu cha askari:
umeteleza sana, umeungua, bado unanuka.
Wa pili nyuzi zilikuwa nje, ukingo umeliwa.
Mkanda husema,
ila husema baada ya kufa.

Springi inavuta. Mkono wa kukaza unarudi.
Puli ya kulia nikaisukuma kwa kidole:
ikazunguka, ikanong'ona, ikaendelea bila mimi.
Ya katikati, vivyo hivyo.
Ya kushoto, ile ndogo, isiyokata chochote,
kazi yake kuusindikiza mkanda kwenye kona tu,
ikaenda nusu duara,
ikakohoa mchanga,
ikakwama.

Basi mkanda ulikuwa ukiburutwa
juu ya chuma kilichokataa kuzunguka,
na kila nilipokata kushoto
nikawa naununulia mwenzake wa kuungua.

Baba alikaa miaka kumi na tisa kando ya mkanda mwingine,
ule mrefu wa kupandisha mawe ya shaba.
Ulipokatika wakaandika: uzembe wa Kyungu.
Neno lile, na muhuri.
Tulipewa siku moja kutoka katika nyumba ya kampuni;
mama alibeba godoro kichwani mchana, majirani wakitazama.
Na yeye, hata alipokuwa hawezi kushika kijiko,
alirudia: "Rola ya kumi na saba haikuwa ikizunguka.
Niliwaambia. Ya kumi na saba."
Tulimwitikia ndiyo, baba, ndiyo,
huku tukipitishiana mboga.

Nikaketi chini, puli kiganjani,
nzito kama yai la bata.
Nikaizungusha. Ikakwama.
Nikaizungusha tena, na nilikuwa nimeshajua.

Beringi mpya, faranga elfu nane, nilipunguziwa hadi saba.
Mkanda ni ule ule wa soko la Kenya.
Nikaurudisha njiani mwake, puli kwa puli,
nikahakikisha haujapinda, nikawasha,
nikaenda hadi kwenye jakaranda, nikakata kushoto.
Maua ya zambarau yakaruka nyuma yangu.
Nikakata tena kushoto, bila sababu.

Sista alikuwa barazani.
"Kumbe mkanda huu ni mzuri!"
Nikamjibu: hata ile miwili, Sista.
Injini ilimzuia kusikia, akapunga mkono.

Beringi mbovu iko mfukoni, inachafua suruali.
Jumapili nitapita makaburini.
Sijui nitasema nini; mimi si mtu wa kusema na saruji.
Labda nitaiweka tu pale juu, karibu na jina,
niizungushe mara moja ili aone ilivyokwama,
kisha nirudi nyumbani kabla ya mvua.